Wavu juu ya Mabwawa ya Armas

Aprili 11

Ziwa bado limeganda, ila pale mto unapoingia pamefunguka kidimbwi cheusi, na asubuhi mvuke hupanda juu yake. Nimekwenda kukitazama mara tatu leo. Kati ya safari hizo nilianza kufunga vyombo vya kabati la juu kwenye boksi, kisha nikavifungua kwa sababu nilitaka kikombe.

Saimi, binti yangu, alipiga simu kutoka Tampere mchana, hakunipata. Jioni akapiga tena.

"Mama, ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa natazama maji."

"Chumba chako tumeshakipaka rangi," akasema. "Dirisha linatazama bustani. Na mtoto akizaliwa Oktoba, utakuwa hapo hapo."

Nikamwambia nitakuja. Hakuuliza lini, nami sikusema.

Aprili 14

Theluji ya majimaji. Angani hakuna kitu ila kunguru.

Aprili 17

Jike amefika.

Nilikuwa uani nakung'uta zulia, nikasikia ile sauti yao nyembamba, kama filimbi inayopulizwa na mtu aliyeishiwa pumzi. Nikaliacha zulia kwenye matope nikakimbilia darubini. Alikuwa amesimama kiotani, juu ya ule msonobari uliokauka kilele, ukingoni mwa kinamasi, nyuma ya mabwawa ya samaki ya shemeji Armas. Kichwa cheupe, mstari mweusi unaopita jichoni, mabawa marefu kuliko mwili unavyohitaji. Akageuka huku na huku, akaanza kuitupa nje kwa miguu theluji iliyobaki kiotani.

Oiva, mume wangu, angeandika saa na upepo unakotoka. Hii ni Aprili ya pili bila yeye. Miaka yote yeye ndiye aliyepanda msonobari ule kila Julai kuwashusha makinda ili wavishwe pete za utambulisho miguuni, na mimi nilisimama chini nimeshika kamba, macho nimeyafumba. Siwezi hata kupanda kiti kubadilisha balbu bila chumba kuzunguka.

Dume hajafika. Furukombe, ndege hawa wala samaki, hawasafiri pamoja kama korongo. Kila mmoja hupitisha majira ya baridi kivyake huko Afrika, pengine nchi mbili mbali na mwenzake, bila kuonana kwa miezi saba, na hukutana juu ya mti huu. Mmoja akifika, humngoja mwingine. Wakati mwingine humngoja bure.

Aprili 18

Yuko peke yake.

Aprili 19

Peke yake. Nimeosha madirisha yote, hata yale ya chumba nisichokitumia.

Aprili 21

Armas amekuja kunywa kahawa. Ni mdogo wake Oiva, hakuoa, na kwa miaka ishirini na zaidi alikuwa fundi wa nguzo za umeme kabla ya kuchimba mabwawa yake na kufuga trauti. Huvua kofia mlangoni, huishika gotini mpaka anapoondoka.

"Ndege wako amerudi," akasema.

"Si wangu."

"Mwaka jana walikula samaki wangu kutwa. Wakila samaki wangu, ni wako."

Nikamkatia mkate mtamu wa iliki. Akala nusu, akatazama maboksi ukutani.

"Unahama kweli, shemeji?"

"Saimi anataka."

"Hilo silo nililouliza."

Nikammiminia kahawa. Akasema mwaka huu hatavumilia, kwamba bunduki ya marehemu baba yao bado inafanya kazi, na hata kama sheria inamlinda ndege, sheria haishindi bwawani kutwa. Alisema taratibu kama anayesimulia hali ya hewa, na hilo ndilo lililonitisha. Nikamwambia kuna njia nyingine. Afunike mabwawa kwa wavu mwembamba wa nailoni, uvutwe juu ya maji. Nimeona hivyo kwa mfugaji mmoja karibu na Orivesi. Ndege akiona hawezi kufika, atakwenda ziwani.

"Na nani atanisaidia kuuvuta?"

"Mimi."

Akacheka kidogo kwa pua. "Wewe unayekaa juu ya maboksi."

Aprili 24

Amekuja. Dume amekuja mchana huu akiwa na samaki mguuni, kichwa cha samaki kimeelekezwa mbele kama wanavyobeba siku zote. Jike alipiga kelele tangu dume alipokuwa kitone tu juu ya ziwa. Alimjuaje, sijui. Mimi nilikaa kwenye ngazi za mlango, nikagundua kwamba nimekuwa nikitembea tangu asubuhi.

Mei 3

Tumefunika mabwawa yote, mimi na Armas, siku mbili mfululizo. Wavu ni mwembamba kiasi kwamba ukiutazama dhidi ya maji huuoni. Unauona mikononi tu. Armas alifunga mafundo ya nguzo kwa haraka ya kushangaza kwa mtu wa umri wake. Kila nilipofunga langu, alilipitia akalifungua, akalifunga upya.

"Siku theluji ya Mei ikiulemea, utakuja kuikung'uta wewe," akasema.

"Nitakuja."

"Kutoka Tampere?"

Lakini alikuwa amefurahi. Nami nilifurahi. Wazo lilikuwa langu na lilikuwa limekaa vizuri. Jioni tulimwona dume akipita juu ya mabwawa, akazunguka mara moja, akaenda ziwani. Armas alinigusa bega kwa kiwiko.

Mei 9

Jike amelala kiotani, hainuki. Mayai yapo.

Mei 16

Mvua. Dume analeta samaki, jike anaondoka na samaki huyo kwenda tawi la pembeni kula, dume analalia mayai kwa zamu fupi kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani.

Mei 29

Saimi na tumbo lake wamekuja kwa siku mbili. Amefunga maboksi mengi kuliko niliyofunga mimi tangu Machi. Usiku, au kile tunachokiita usiku mwezi huu ambao giza haliji kamili, alikaa kitandani kwangu.

"Mama, huku unakaa na nani?"

"Armas yuko hapo."

"Armas haongei."

"Anaongea kidogo."

"Mama, ndege wakiondoka Septemba unabaki na giza tupu. Majira ya baridi yaliyopita ulinipigia simu kuniambia theluji inanyesha. Kila siku. Kila siku uliniambia theluji inanyesha."

Sikujua kwamba ilikuwa kila siku.

Juni 10

Jike anainama na kuchana samaki vipande vidogo, anaweka chini mbele ya miguu yake kwa uangalifu. Kuna midomo pale, siioni lakini ipo.

Juni 21

Vichwa vitatu.

Juni 24

Juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi. Moto mkubwa ufukweni, mbu wengi kuliko watu. Armas alichoma trauti akatoa kwa kila aliyepita. Alipofika kwangu akaninong'oneza kwamba watatu ni wengi kwa baba mmoja. "Huyo dume wako hatapata hata nafasi ya kukaa," akasema. Kweli, tangu wiki iliyopita huleta samaki asubuhi mapema, anarudi ziwani, analeta tena, na jike humpokea kwa kelele kama vile amechelewa.

Juni 30

Jioni nimesikia mlio wa bunduki kutoka upande wa mabwawa. Mmoja tu.

Julai 1

Dume hajaonekana tangu asubuhi. Mvua inanyesha taratibu, ile isiyo na haraka ya kuisha. Labda anajikinga.

Julai 2

Hajaonekana. Jike analia kiotani mfululizo, sauti ileile ya kumwomba samaki, akitazama ziwani. Makinda wamelala chini yake. Mvua.

Nimekwenda ufukweni, nimerudi. Nimekwenda tena kuuzunguka ufukwe wote mpaka kwenye matete ya upande wa pili. Simwoni. Nimepita karibu na nyumba ya Armas bila kuingia. Mlango wa banda lake la zana ulikuwa wazi, na bunduki imeegemezwa ukutani.

Julai 3

Nimefanya jambo ambalo siwezi kulirudisha.

Asubuhi jike aliondoka kiotani kwenda kuvua, kwa mara ya kwanza. Anapaswa kubaki, kwa sababu makinda bado hawawezi kujikinga na baridi wala mwewe, lakini hakuna wa kumlisha. Akaenda ziwani, akarudi bila kitu. Akaenda tena. Mvua ilikuwa imeyavuruga maji, samaki haonekani. Makinda walibaki wazi, wamelowa.

Nikaenda dukani kununua sukari, ingawa sukari ninayo. Armas alikuwepo kwenye foleni na katoni ya maziwa mkononi. Kulikuwa na wanawake wawili wa ng'ambo ya mto, na kijana wa kaunta. Nikamwambia mbele yao wote, "Nilisikia bunduki Jumanne. Umempiga huyo ndege mwenye watoto watatu kiotani."

Armas alinitazama usoni.

"Nilipiga minki," akasema. "Alikuwa kwenye ukingo wa bwawa, anavizia samaki."

"Na dume yuko wapi?"

"Sijui aliko."

"Hujui," nikasema. Nilisema kwa sauti ambayo Oiva asingeitambua.

Armas aliweka katoni ya maziwa juu ya kaunta, akairekebisha ikae sawa kabisa, akatoka bila kununua.

Julai 4

Jike alileta samaki mmoja mdogo saa za mchana. Kinda mkubwa alimpiga mdogo kichwani mpaka akaacha kuinua shingo. Nimetazama mpaka darubini ikajaa ukungu wa pumzi yangu. Sijalala.

Julai 5

Nitaandika haya kama yalivyotokea.

Mvua ilikatika alfajiri. Nilikuwa uani kabla ya jua kupanda vizuri. Kiotani niliona vichwa viwili. Cha tatu hakikuwepo, hata nilipongoja. Jike alikuwa ameondoka.

Ndipo nikamwona Armas akija kwa njia ya kinamasi, na gunia begani. Hakuja mlangoni. Alisimama kwenye geti na kunisubiri, kofia kichwani. Nikaenda. Akaliweka gunia chini kwenye nyasi, akalifungua mdomo na kuurudisha nyuma kama unavyofunua uso wa mgonjwa.

Alikuwa dume. Alikuwa amelowa, mwepesi, bawa moja limejikunja vibaya. Mguuni na shingoni alikuwa amezungukwa na uzi mwembamba wa nailoni, mizunguko mingi.

"Niliteremsha maji ya bwawa la mwisho asubuhi hii," Armas akasema. "Chujio lilikuwa limeziba. Kwenye ile kona ya matete wavu umelegea, mvua imeuvuta mpaka chini. Alikuwa pale chini ya wavu, kwenye maji. Siku kadhaa."

Niliangalia mafundo kwenye mguu wake. Nikasema, "Ni wavu wangu."

Armas alikuwa amepiga goti moja, anajaribu kuulegeza ule uzi kwenye mguu kwa vidole vyake vikubwa, polepole, kama vile bado kuna sababu ya kutomuumiza.

"Wetu wawili," akasema. "Mafundo ni yangu. Uliyoyafunga wewe niliyafungua yote."

Niliketi kwenye nyasi. Nilitaka kusema jambo kuhusu duka, nikashindwa kupata mahali pa kulianzia. Yeye ndiye aliyesema tena.

"Ningesikia bunduki nami ningefikiri hivyo hivyo. Si jambo la leo. Wangapi wamebaki?"

"Wawili."

"Mama yao hawezi kuwalisha na kuwalinda kwa pamoja."

"Hawezi."

"Basi samaki ninao," akasema.

Nikampigia Veijo, yule wa chama cha ndege anayekuja kuwavisha pete. Nilimweleza kila kitu, hata wavu. Akapiga simu huku na huku, akanirudia mchana: ruhusa ipo, samaki wazima wapelekwe kiotani mara moja kwa siku, upesi, na jike akipiga kelele msingojee.

Armas alileta ngazi zake za zamani na mkanda wa kupandia nguzo. Alifunga ngazi kwenye msonobari moja baada ya nyingine, na juu ya ngazi akapigilia vigingi. Nilimshikia kamba. Safari hii sikufumba macho, nilimtazama akipanda na ndoo ya trauti imefungwa kiunoni, mwanamume wa miaka hamsini na tisa na magoti mabovu, mpaka kichwa chake kikawa sawa na kiota.

"Wako hai," akaita kutoka juu. Kisha, kwa sauti ya chini kidogo, "Yule mwingine nitamshusha."

Alimshusha ndani ya kofia yake. Alikuwa na manyoya ya mabawa yaliyoanza kuchipua, yakiwa bado ndani ya maganda yao. Tulimzika pamoja na baba yake nyuma ya sauna.

Jike alirudi jioni. Alizunguka juu ya kiota mara nyingi, akatua, akawatazama wale samaki. Nilikuwa nimeshika mlango wa uani kwa mikono miwili. Akaweka mguu juu ya mmoja akaanza kuchana.

Julai 6

Amekula. Wamekula wote. Armas amepanda tena.

Julai 8

Nilikwenda dukani saa ya watu wengi. Nilingoja mpaka foleni ikawa ndefu, nikasema kwa sauti kwamba Armas hakumpiga ndege, kwamba amekufa kwenye wavu ambao niliutaka mimi. Mwanamke mmoja akasema alijua Armas si mtu wa hivyo. Nikamwambia mimi nilipaswa kujua zaidi yake, kwa kuwa ni shemeji yangu. Kisha nikanunua maziwa nikampelekea.

Alitazama katoni. "Sinywi ya mafuta mengi," akasema. Lakini aliichukua.

Julai 13

Veijo amewavisha pete. Makinda wamenona. Veijo anasema mmoja huenda ni jike kwa ukubwa wa miguu. Armas aliuliza maswali zaidi ya ninavyomsikia akiuliza kwa mwaka mzima: wanakwenda wapi, nani huwaonyesha njia. Veijo akasema hakuna anayewaonyesha. Mama huondoka kwanza, na hata baba akiwepo hasafiri nao. Kila kinda huondoka peke yake, hajawahi kuiona bahari wala jangwa, akifika huko hukaa miaka miwili au mitatu kabla ya kurudi. Wengi hawarudi.

Armas akawasha sigara. "Na kuvua samaki nani huwafundisha?"

"Hujifunza wenyewe. Wakishindwa, wanakufa."

Julai 19

Mbu. Lakka, zile beri za rangi ya manjano, zimeiva kinamasini, nimechuma ndoo nusu. Armas amepanda.

Julai 27

Wanapiga mabawa kiotani kwa zamu, wanainuka kidogo, wanaanguka juu ya mwenzao. Saimi alipiga. Nilimweleza habari zao kwa muda mrefu, kisha nikakumbuka kumuuliza habari zake. Mtoto anapiga teke.

Agosti 2

Mkubwa ameruka. Alizunguka mti mara mbili akashindwa kutua, akatua mara ya tatu kwa kifua.

Agosti 5

Yule mdogo pia.

Agosti 15

Jike ameondoka. Jana alikuwa kwenye tawi lake, leo asubuhi tawi tupu, na mpaka jioni tupu. Amekwenda bila ishara yoyote, na makinda wanaendelea kuketi kiotani wakilia kuomba samaki kwa mtu asiyekuwepo.

Nimezunguka nyumba kutwa. Siwezi kukaa kwenye kiti, siwezi kushika kazi. Nimefunga maboksi manne. Nimeyafungua mawili.

Agosti 17

Armas alikuja akakaa bila kuvua kofia.

"Naendelea kuwapandishia samaki mpaka lini?" akauliza. "Nikiwalisha, watajifunza lini? Nikiacha, watakufa njaa hapa hapa mbele ya dirisha lako."

"Ziwa lipo."

"Jana nimemwona mkubwa akizunguka juu ya mabwawa. Si ziwani. Trauti ndicho chakula anachokijua. Alishuka nusu, akapanda tena."

Tulitazamana. Wote tuliwaza ile kona ya matete.

"Nimeshauondoa," akasema.

"Nini?"

"Wavu. Asubuhi hii. Wote."

Nikamuuliza kuhusu samaki wake. Akasema samaki ni wengi na ndege ni wawili, na kama hawajui kuiba, na waanzie kwake.

Agosti 20

Hatujapeleka samaki tangu juzi. Wanalia kutoka alfajiri. Nimefunga madirisha, bado nawasikia.

Agosti 21

Wanalia. Armas hatoki bwawani. Mkubwa alijaribu mara tano, akaingia majini kwa kishindo, akatoka mtupu, akajikung'uta angani. Mdogo haondoki kiotani.

Agosti 23

Mchana huu Armas alinipigia simu. Hajawahi kunipigia simu; huja mwenyewe. Alisema neno moja, "Njoo," akakata.

Nilikwenda mbio. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya kibanda cha pampu, akanivuta chini kwa mkono. Mkubwa alikuwa juu ya bwawa la mwisho, anapigapiga mabawa mahali pamoja. Akashuka, miguu mbele, akazama mpaka mabawani. Alikaa majini muda mrefu hata nikaanza kusimama. Kisha akainuka kwa shida, bawa baada ya bawa, na trauti mkubwa mguuni, amemshika ubavu, si kichwa mbele. Angani akamgeuza, mara moja, mara ya pili, mpaka kichwa kikatazama mbele.

Armas alifuta uso kwa kofia.

"Mwizi," akasema. Alisema kama mtu anayemwita mwanawe.

Agosti 30

Mdogo naye amepata. Si wa kwetu; wa ziwani. Niliona mwenyewe.

Septemba 4

Baridi ya asubuhi, nyasi nyeupe. Mkubwa ameondoka.

Septemba 9

Mdogo bado yuko. Anakwenda ziwani, anarudi, anakaa kwenye ncha ya mti akitazama kusini, anashuka, anapanda tena. Hatulii mahali. Ninamwelewa kuliko ninavyopenda.

Septemba 11

Mti mtupu. Nilingoja mpaka giza.

Septemba 14

Nilimpigia Saimi. Nikamwambia nitakuja wiki ijayo, nitakaa naye hadi mtoto achangamke, na Aprili nitarudi huku. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi.

"Mama," akasema, "mimi sikukuambia uuze nyumba. Nilikuambia usikae peke yako gizani."

Pengine alisema hivyo tangu mwanzo. Nilisikia kile nilichokuwa nakiogopa.

Armas nilipomwambia alicheka kwa pua. "Kwa hiyo umekuwa mmoja wao. Usije tu ukaniletea kelele za njaa Aprili."

Septemba 19

Kesho naondoka. Leo tumefanya kazi moja ya mwisho.

Armas anataka kuyafunika mabwawa tena masika, kwa sababu akifilisika hakuna atakayefaidi, hata ndege. Lakini alisema wavu hautandazwi mpaka tujue namna ya kuufanya uonekane kutoka angani. Asubuhi tukauvuta juu ya bwawa la mwisho peke yake, kwa kujaribu. Alikuwa na mfuko wa vitambaa vyeupe, shuka la zamani alilolichana.

"Mtu mmoja afunge, mmoja atazame kutoka juu," akasema. Akaangalia msonobari, akaniangalia mimi. Magoti yake yalikuwa yamevimba tangu Agosti, hawezi tena hata ngazi ya mlango wake. Hakuniomba. Alisema tu kwamba pengine Veijo anaweza kuja Jumapili.

Jumapili nitakuwa Tampere.

Alinifunga ule mkanda kiunoni mwenyewe, akalivuta kila fundo mara mbili. Nilipanda. Nilipandisha mkono mmoja, mguu mmoja, nikatazama gome la mti lililo mbele ya pua yangu na si kitu kingine. Mahali pa vigingi nilisimama kwa muda mrefu. Armas hakuniita wala hakunihimiza. Kisha kichwa changu kikapita ukingo wa kiota, nikaona mifupa ya samaki, na nyasi kavu, na unyoya mmoja. Nikakumbatia tawi, nikageuka.

Ziwa lilikuwa pale, na paa langu, na sauna. Chini yangu mabwawa yaling'aa wazi kabisa, maji tu, samaki wanaonekana kama vivuli vinavyosogea. Nilijua wavu upo. Niliuvuta kwa mikono hii asubuhi. Sikuona hata uzi.

"Unauona?" Armas akaita kutoka bwawani.

"Sioni kitu."

Akafunga kitambaa. "Sasa?"

"Nakiona hicho. Kwingine maji tu."

Akaenda akifunga, akizunguka bwawa polepole kwa magoti yake, na kila mara akisimama kuniuliza, nami nikimjibu. Vitambaa vikaanza kuchora mstari juu ya maji, kisha mistari. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi, lakini kichwa kilikuwa kimeacha kuzunguka, sijui tangu lini.

Mfuko ukaisha. Akaugeuza nje ndani kunionyesha.

"Tayari?"

Nilitazama upande wa matete. "Kona ile bado," nikaita. "Pale sioni kitu kabisa."

Alisimama akiitazama kona. Kisha akavua koti, akaliweka juu ya ukingo, akavua na shati lake jeupe la kazi, na kwenye baridi ile, kifua wazi, akalichana vipande kwa meno na kuanza kuvifunga, kimoja baada ya kingine, karibu karibu.

"Sasa, shemeji?"

"Sasa naiona," nikamwambia.

Hakuniamini upesi. Akafunga na mikono ya shati, yote miwili.